Bingwa Aliyeshushwa Nafasi Baada ya Kushinda

Usiku wa Jumamosi, 2 Desemba 2023, timu ya soka la Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Florida State ilitwaa ubingwa wa ACC, jumuiya ya vyuo inayochezea, mjini Charlotte kwa kuwafunga Louisville 16-6. Ulikuwa mchezo wao wa 13 wa msimu, na hawakuwa wamepoteza hata mmoja. Mchana wa Jumapili, kamati ya watu 13 ikatangaza timu nne za kuwania ubingwa wa taifa: Michigan, Washington, Texas na Alabama. Florida State wakawekwa wa tano. Siku tano kabla ya hapo, kamati hiyohiyo ilikuwa imewaweka wa nne. Yaani wamecheza fainali, wameshinda, wamenyanyua kombe, wakashuka.

Utetezi wa uamuzi ule ninaujua, na baadhi yake una mantiki. Kama kazi ya kamati ingekuwa kutabiri nani atamfunga nani mwezi Januari, ningewapa alama nzuri. Lakini ubingwa hautabiriwi. Unachezwa, unapatikana, unabaki kuwa wako. Kilichotokea Desemba ile ni kwamba kombe lililopatikana uwanjani liligeuzwa kuwa kielelezo cha kujadiliwa mezani, pamoja na ripoti ya daktari.

Kwa msomaji asiyefuatilia soka la Kimarekani, maelezo kidogo. Daraja la juu la vyuo lina timu zaidi ya 130, na kila moja hucheza michezo 12 tu ya kawaida kwa msimu. Haiwezekani wote wakakutana. Kwa hiyo vyuo vimejigawa katika jumuiya zinazoitwa konferensi, kila moja na ratiba yake, fainali yake na bingwa wake. Wakati ule kubwa zilikuwa tano: ACC, SEC, Big Ten, Big 12 na Pac-12. Hatua ya mtoano ya kitaifa, iliyoanza msimu wa 2014, ilikuwa na nafasi nne. Mabingwa watano, viti vinne. Hesabu hiyo ilikuwa na kasoro tangu siku ya kwanza, lakini kwa miaka tisa haikuleta maafa makubwa, kwa sababu kila mwaka walau bingwa mmoja alikuwa ameteleza mahali na hakuwa na pa kulalamikia. Bingwa wa konferensi kubwa aliyemaliza bila kupoteza alikuwa hajawahi kuachwa nje.

Florida State hawakuwa timu iliyookota ushindi kwenye ratiba laini. Walifungua msimu Orlando tarehe 3 Septemba kwa kuwatandika LSU 45-24, na Keon Coleman akafunga mara tatu. LSU hao walikuwa na Jayden Daniels, ambaye mwisho wa msimu ndiye aliyepewa tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo. Wiki tatu baadaye walikwenda Clemson, kwa wapinzani waliokuwa wamewanyanyasa kwa miaka mingi. Wakiwa nyuma 24-17, Kalen DeLoach akaokota mpira uliomponyoka kwotabeki wa Clemson (kwotabeki ndiye mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi) na kukimbia nao yadi 56 hadi mwisho wa uwanja. Clemson wakakosa mkwaju wa karibu ambao ungewapa ushindi, mchezo ukaenda muda wa nyongeza, na Coleman akadaka pasi ya ushindi: 31-24.

Anayekumbuka hali ya Florida State kabla ya hapo ataelewa uzito wa ushindi ule. Hiki ni chuo chenye ubingwa wa taifa wa 1993, 1999 na 2013, lakini mwaka 2021 walimaliza na ushindi mara tano tu, na katika msimu huo walifungwa nyumbani na Jacksonville State, timu ya daraja la chini. Kocha Mike Norvell alikuwa anaelekea kufukuzwa. Alijenga kikosi upya kwa kuchukua wachezaji kutoka vyuo vingine kupitia mfumo wa uhamisho: Coleman kutoka Michigan State, Jared Verse kutoka Albany, Braden Fiske kutoka Western Michigan. Na kabla yake alikuwepo tayari Jordan Travis, kwotabeki ambaye maisha yake ya chuo yalianzia Louisville, timu ileile ambayo Florida State walikuja kukutana nayo kwenye fainali.

Travis hakuicheza fainali hiyo. Tarehe 18 Novemba, dhidi ya North Alabama, mchezo ambao ulipaswa kuwa mazoezi tu, alikimbia na mpira, akaangushwa, na mguu wake wa kushoto ukavunjika. Uwanja mzima wa Doak Campbell ulinyamaza. Florida State walikuwa nyuma 13-0 katika mchezo ule. Wakashinda 58-13.

Kuanzia hapo msimu wao ukawa na simulizi mbili. Ya kwanza ni ile iliyoandikwa kwenye ubao wa matokeo. Tate Rodemaker, aliyemrithi Travis, akaenda Gainesville kwa mahasimu wao wakubwa, Florida, na kurudi na ushindi wa 24-15. Humo naye akagongwa kichwa akapata mtikisiko wa ubongo. Kwa hiyo kwenye fainali aliingia Brock Glenn, kijana wa mwaka wa kwanza ambaye hakuwa ameanza mchezo hata mmoja. Ya pili ni ile iliyoandikwa na waliokuwa wakitazama kwenye televisheni, na kwao kila wiki Florida State walikuwa wanapungua, hata pale walipokuwa wanashinda.

Fainali yenyewe, niseme ukweli, haikuwa tamu kwa mtazamaji wa kawaida. Mapumziko walikwenda 3-0. Glenn alikamilisha pasi 8 kati ya 21 kwa yadi 55 tu, takwimu ambazo kwotabeki huomba zisionyeshwe mama yake. Ila ukiiangalia safu ya ulinzi unaona timu nyingine kabisa. Fiske alimwangusha kwotabeki wa Louisville mara tatu. Louisville, waliokuja na mojawapo ya mashambulizi mazuri ya ACC, waliondoka na yadi 188 kwa mchezo mzima, na mpira wao wa hatari zaidi mwishoni ulinaswa na Tatum Bethune ndani ya eneo la kufungia. Upande wa pili, Florida State waliacha kumtegemea kijana. Walimpa mpira Lawrance Toafili moja kwa moja, bila kupitia mikononi mwa kwotabeki, akakimbia yadi 73 kwa mkupuo mmoja, na punde akamalizia kazi mwenyewe. Kocha aliyekosa kwotabeki wawili alikuwa ametafuta njia nyingine ya kushinda na kuipata. Mimi huo nauita ufundishaji wa hali ya juu. Kamati iliona timu isiyojua kupiga pasi.

Aliyejitokeza kuutetea uamuzi alikuwa mwenyekiti wa kamati, Boo Corrigan, mkurugenzi wa michezo wa North Carolina State, chuo ambacho nacho ni mwanachama wa ACC. Hoja yake ilikuwa kwamba bila Travis, Florida State ni timu tofauti na ile ya wiki 11 za mwanzo. Na kanuni za kamati zinaruhusu kweli kuzingatia kukosekana kwa wachezaji muhimu. Hapo hajavunja sheria. Swali langu ni jingine: Travis alivunjika tarehe 18 Novemba. Orodha iliyotoka tarehe 28 Novemba, daktari akiwa ameshasema yote aliyokuwa nayo ya kusema, iliwaweka Florida State wa nne. Ni nini kilichobadilika kati ya Jumanne ile na Jumapili? Kwa upande wa Florida State, jambo moja tu: walikuwa mabingwa.

Kilichobadilika kwa kweli kilitokea Atlanta. Siku ileile ya fainali ya ACC, Alabama waliwafunga Georgia 27-24 kwenye fainali ya SEC na kukata mfululizo wa ushindi 29 wa Georgia. Hapo kamati ikajikuta kwenye fundo. Alabama walikuwa wamepoteza mchezo mmoja, na waliowafunga ni Texas, tena nyumbani kwao Tuscaloosa, 34-24. Texas nao walikuwa mabingwa wa Big 12 na wamepoteza mara moja. Huwezi kumweka Alabama juu ya Texas bila kuonekana kichekesho. Na tangu mtoano uanze, haikuwahi kutokea bingwa wa SEC kubaki nyumbani. Michigan na Washington walikuwa hawajapoteza. Kwa hiyo ukimtaka Alabama ndani, lazima Texas naye aingie, na mtu wa kutolewa anabaki mmoja. Jeraha la Travis likapatikana kama sababu inayofaa. Sisemi kwamba walikaa wakapanga njama. Nasema mlango wa kutokea ulikuwa wazi kwenye kanuni, na wakautumia.

Washabiki wa Tallahassee, mji wa Florida State, walikwenda mbali zaidi. Walinyoosha kidole kwa ESPN, kituo ambacho kuanzia 2024 kilikuwa kinachukua haki zote za kuonyesha SEC. Sioni haja ya nadharia hiyo, hasa ukizingatia kwamba ESPN hiyohiyo ndiyo yenye haki za ACC. Mfumo ambao watu 13 wanaweza kumshusha mshindi bila kudanganya wala kuvunja kanuni una tatizo kubwa kuliko hongo yoyote.

Nirudi kwenye hoja ya “timu tofauti,” kwa sababu kamati ina historia nayo. Mwaka 2014, msimu wa kwanza kabisa wa mtoano, Ohio State walifika fainali ya Big Ten na kwotabeki wao wa tatu. Wa kwanza, Braxton Miller, aliumia bega Agosti. Wa pili, J.T. Barrett, alivunjika kifundo cha mguu kwenye mchezo wa mwisho wa kawaida dhidi ya Michigan. Akaingia Cardale Jones, wakawafunga Wisconsin 59-0, kamati ikawapandisha hadi nafasi ya nne. Kisha wakawafunga Alabama 42-35, wakawafunga Oregon 42-20, wakawa mabingwa wa taifa. Mtetezi wa kamati atasema: 59-0 si 16-6, Jones aliionyesha dunia kwamba timu haijapungua. Sawa. Ila hapo ndipo penye utata mkubwa. Maana yake ni kwamba kushinda fainali hakutoshi, unatakiwa ushinde kwa namna inayowapendeza watazamaji. Na hicho kipimo hakikutumika kwa wote. Wiki moja kabla ya kuwafunga Georgia, Alabama walikuwa Auburn wakiwa nyuma, chini ya dakika moja imebaki, jaribio lao la nne na la mwisho, wanahitaji yadi 31. Mchezo huu unakupa majaribio manne kusogea yadi 10. Kuhitaji 31 kwenye jaribio la mwisho ni kama kuandika barua ya kujiuzulu. Jalen Milroe akarusha, Isaiah Bond akadaka kwenye kona, 27-24. Auburn hao, siku ileile Travis alipovunjika mguu, walikuwa wametandikwa 31-10 nyumbani kwao na New Mexico State. Ushindi ule wa Alabama uliitwa moyo wa bingwa. Ule wa Florida State uliitwa dalili ya udhaifu.

Halafu ikaja tarehe 30 Desemba, na Orange Bowl, na 63-3.

Georgia waliwafunga Florida State kwa tofauti ya pointi 60, kubwa kuliko zote katika historia ya michezo ya bowl, ile ya mwaliko inayochezwa baada ya msimu wa kawaida. Tangu siku ile kuna watu hawataki mjadala wowote. Wanakutajia matokeo hayo na kukunja mikono. Huu ni uvivu. Wachezaji zaidi ya 20 wa Florida State hawakuvaa jezi siku ile, wakiwemo nyota karibu wote waliokuwa wanajiandaa kwenda NFL, ligi ya kulipwa: Coleman, Verse, Benson, Wilson. Rodemaker alikuwa ameshatangaza kuhama. Kile kilikuwa kikosi cha akiba kilichopelekwa kukamilisha ratiba, dhidi ya Georgia walioingia na hasira za kukosa nafasi wao wenyewe. Kutumia mchezo wa Desemba 30 kuhalalisha uamuzi wa Desemba 3 ni sawa na kumfukuza mtu kazini, kisha kumlaumu kwamba hakuja ofisini Jumatatu.

Lakini nisiwabebe Florida State. Wachezaji walikuwa na haki ya kulinda miguu yao, na baada ya kumwona Travis, nani angewalaumu? Travis mwenyewe alichaguliwa na New York Jets mwaka 2024, hakucheza mchezo hata mmoja wa NFL, na Aprili 2025 akatangaza kustaafu kwa sababu ya mguu uleule. Chuo ndicho chenye maswali ya kujibu. Siku 20 baada ya kunyanyua kombe la ACC, bodi yake ilikutana na kupiga kura ya kuishtaki ACC. Walitaka njia ya kutoka. Kwa hesabu yao wenyewe, kuondoka kungegharimu dola milioni 572, ukijumlisha faini na haki za televisheni zilizofungwa hadi 2036. ACC nayo ilikuwa imekwisha kukimbilia mahakamani North Carolina siku moja mapema.

Kwa hiyo tafakari. Chuo kinalia kwamba ubingwa wake wa konferensi umedharauliwa, na papo hapo kinaiambia mahakama kwamba konferensi hiyo haina thamani ya kuendelea kukaa ndani yake. Kesi ilikuwa inapikwa muda mrefu kabla ya kamati kuwaacha, na chanzo chake ni fedha: SEC na Big Ten walikuwa wanawaacha ACC mbali kwa mapato ya televisheni. Kuachwa nje ya mtoano kulikuwa kibiriti tu. Wangeingia kwenye nne bora, naamini kesi ingefunguliwa tu, labda Machi badala ya Desemba. Iliisha Machi 2025 kwa makubaliano: gharama ya kuondoka itapungua mwaka hadi mwaka, na sehemu ya mapato ya ACC itagawanywa kwa kuangalia ni timu gani inavuta watazamaji wengi zaidi. Chuo kilicholalamika kwamba kilihukumiwa kwa mvuto badala ya matokeo kikaweka saini kwenye mkataba unaolipa kwa mvuto.

Uwanjani hali ilikuwa mbaya zaidi. Walifungua msimu wa 2024 Dublin, Ireland, wakafungwa na Georgia Tech 24-21, na kufikia mwisho walikuwa wameshinda michezo miwili na kupoteza kumi. Kutoka 13-0 hadi 2-10 ndani ya mwaka mmoja. Timu iliyojengwa kwa uhamisho huondoka kwa mlango uleule ilioingilia.

Kuna waliosema tatizo limekwisha, kwa sababu kuanzia 2024 mtoano umepanuliwa hadi timu 12, na katika misimu ya 2024 na 2025 mabingwa watano wa konferensi waliopangwa juu zaidi waliingia moja kwa moja. Kwa Florida State wa 2023 ingetosha na kubaki. Ila angalia mwelekeo. Mwaka wa kwanza, mabingwa wanne wa juu walipewa zawadi ya kuvuka raundi ya kwanza bila kucheza. Wote wanne walifungwa katika mchezo wao wa kwanza. Badala ya kusema mchezo ndivyo ulivyo, wakubwa waliifuta zawadi hiyo, na kuanzia 2025 nafasi zinapangwa kwa orodha ya kamati bila kujali nani ana kombe. Desemba 2025 Alabama walifungwa na Georgia 28-7 kwenye fainali ya SEC, kipigo chao cha tatu msimu ule, wakaingia hata hivyo. BYU walifungwa fainali ya Big 12, kipigo chao cha pili, wakaachwa.

Na ACC? Konferensi ya Pwani ya Atlantiki siku hizi ina Stanford na California, vyuo vinavyotazama Pasifiki, waliokimbilia huko baada ya Pac-12 kusambaratika. Fainali yake ya 2025, hukohuko Charlotte, ilikuwa Duke dhidi ya Virginia. Duke walishinda 27-20 katika muda wa nyongeza wakawa mabingwa kwa rekodi ya 8-5. Hawakuingia. Mabingwa wa konferensi mbili ndogo, Tulane na James Madison, walikuwa juu yao kwenye orodha, na nafasi tano zikajaa. Hapa siwaonei Duke huruma nyingi. Timu iliyopoteza mara tano ilifika fainali kwa kanuni za kutenganisha timu zilizolingana kwenye msimamo zilizowashangaza hata wenyewe ACC. Kilichonigusa ni aliyeingia. Miami, ambao hawakufuzu hata kucheza fainali ya ACC, walichaguliwa na kamati wakiwa wa kumi, wakawafunga Texas A&M, wakawafunga Ohio State waliokuwa mabingwa watetezi, wakawafunga Ole Miss, na kucheza fainali ya taifa dhidi ya Indiana, waliyoipoteza 27-21.

Wapo wanaosema hilo linaipa kamati haki: iliona ubora ambao msimamo wa ACC haukuuona. Labda. Lakini basi ACC iache kuuza tiketi za Charlotte kwa jina la ubingwa. Kama mchezo ule haumpeleki mshindi popote na haumzuii aliyekosa kufuzu, waseme wazi kwamba ni onyesho la televisheni la Jumamosi ya kwanza ya Desemba, na wachezaji wenye miguu ya kulinda waamue wenyewe kama wanataka kulicheza.